Mtoto anachora mtumbwi uliopinduka kila siku: kuchora kunamponya au kunamtonesha?

#1 BintiMakorora
Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili kwa ustaarabu, jambo lenyewe limenikaa kooni.

Nalea mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 7, yuko darasa la pili hapa Tanga mjini. Baba yake alikuwa mvuvi, alitoka na kusi ya mwaka juzi hakurudi. Mama yake yuko Dar anahangaika na maisha. Mtoto alikaa kwanza kwa babu yake mzaa mama, Muheza, Januari ndiyo nikamchukua.

Alikuja haongei. Si bubu, ukimwita anaitika, ukimtuma anakwenda, lakini hana neno lake mwenyewe. Usiku anakojoa kitandani. Shuleni kuna mwalimu wa kike ana kikundi cha kuchora Jumamosi asubuhi, watoto kama kumi na wawili wanakaa chini ya mkungu, wanachora nyuma ya makaratasi ya kalenda za zamani. Akaniomba nimlete. Nikampeleka ili nipate nafasi ya kuuza vitumbua vyangu, imani sikuwa nayo.

Hii ni wiki ya saba. Kitandani hakojoi tena tangu wiki ya nne, na anaongea kidogo. Ila anachora kitu kimoja tu: mtumbwi umefudikizwa, tumbo juu, mweusi tii, una mistari na vidoto vingi. Kila Jumamosi huohuo. Nyumbani anauchora ukutani kwa mkaa. Mume wangu anasema tumtoe, tunatonesha kidonda. Mwalimu anasema tumwache. Mama mkwe anasema hili si la kalamu, ni la kisomo.

Kuchora kunamtibu mtoto mwenye majonzi kweli, au ni mambo ya wazungu? Nimeambatisha picha moja muone.

#2 ChapaIlale
Nimevuta kiti, nasubiri wajuzi.

#3 MzeeWaRaskazoni
Sisi tulifiwa tukiwa wadogo kuliko huyo. Nilipofiwa na baba nilipewa ndoo nikachote maji ya wageni. Hakuna aliyeniletea kalamu za rangi, na nimekua, nimeoa, nimesomesha. Watoto wa siku hizi mnawadekeza halafu mnaita matibabu. Mpe kazi, atasahau.

#4 Msomi_Baridi
Mzee, heshima yako, lakini hili ni fani kamili. Neno lenyewe, tiba kwa sanaa, lilianza kutumika Uingereza mwaka 1942 na mchoraji Adrian Hill. Aliugua kifua kikuu, akalazwa, akawa anachora kitandani, akaona yeye na wagonjwa wenzake wanapata nafuu ya moyo. Marekani alikuwepo Margaret Naumburg, miaka hiyohiyo. Leo watu wanasomea shahada.

Utafiti upo. Chuo cha Drexel, Philadelphia, 2016: watu waliochora na kufinyanga kwa dakika 45 walipimwa mate kabla na baada, na karibu robo tatu yao homoni ya msongo, kotisoli, ilishuka. Kwa hiyo kuchora kunamsaidia mtoto.

Ila dada, hiyo rangi nyeusi ndiyo dalili yenyewe. Nyeusi ni huzuni kubwa. Na chombo kilichopinduka hakihitaji mkalimani, mtoto anachora kifo cha baba yake. Mpeleke kwa mtaalamu haraka.

#5 NesiWaZamu
#4 umeanza vizuri ukamalizia kwenye ramli.

Moja, huo utafiti wa 2016 ulikuwa wa watu wazima 39. Usiubebe kama ulivyo ukamvika mtoto wa miaka 7. Mbili, hakuna kamusi ya rangi. Mtoto anaweza kupenda nyeusi kwa sababu inaonekana vizuri kwenye karatasi.

BintiMakorora, swali langu ni la wodini: mkojo ulipimwa? Umesema alikaa Muheza. Alikuwa anaoga mtoni au kwenye mabwawa? Kichocho cha mkojo kipo ukanda wetu huu. Mtoto akiwa nacho anakojoa mara kwa mara, anashindwa kubana, wengine wanatoa damu mwishoni mwa mkojo. Kukojoa kitandani baada ya msiba ni kawaida kwa watoto, wanarudi nyuma kitabia, lakini usiupe msiba kila kitu kabla ya kupima.

#6 BintiMakorora
Mhh. Nesi umenishtua. Alikuwa anaoga mtoni na wenzake, babu yake aliwahi kulalamika. Damu sijaona. Na nikumbuke sasa: shuleni waligawa dawa za kichocho mwezi wa pili, walipimwa kwa fimbo ya urefu wakapewa vidonge. Alirudi kizunguzungu. Ngoja nihesabu… ni kama wiki ya tatu ya kuchora.

#7 ChapaIlale
Hahaha! Kumbe kilichotibu ni kidonge, sifa kapata krayoni.

#8 NesiWaZamu
Sijasema hivyo. Nimesema inawezekana. Kidonge cha kichocho hakimfanyi mtoto aliyenyamaza aanze kuongea.

#9 ShangaziKanga
Mwanangu BintiMakorora, pole sana kwa kaka. Miye naona mnazunguka mbuyu. Mtoto wa mvuvi, baba kachukuliwa na maji, maiti haikuonekana? Hukusema. Kama haikuonekana, huyo mtoto hajaagana na baba yake. Msiba bila kaburi hauishi. Je, kisomo kilisomwa? Mtoto alikuwepo au mlimpeleka kwa jirani asione watu wakilia? Hapo ndipo penye fundo. Mama mkwe wako msimdharau.

#10 BintiMakorora
Haikuonekana, shangazi. Hitima ilisomwa. Watoto tuliwapeleka kwa jirani.

#11 UstadhiMpole
Allah amrehemu marehemu. Shangazi kasema kweli juu ya kuagana. Nitaongeza la kwangu kwa upole: kuchora viumbe wenye roho kuna maneno mengi kwa wanazuoni. Chombo, mti, nyumba, bahari, havina shida. Na hata wakali wanakumbuka kwamba Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake akiwa mdogo na Mtume hakumkataza, kwa hiyo wengi wamelegeza mambo ya michezo ya watoto. Mtoto wako anachora chombo. Mwache achore, na jioni mkae naye mumsomee baba yake Fatiha, naye aitikie amina. Kimoja hakimfukuzi mwenzake.

#12 KijanaWaDunda
Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Mimi si mtaalamu wa tiba, niseme mapema. Nimesoma sanaa za maonyesho na uchoraji pale chuoni (wakongwe bado wanaita Chuo cha Sanaa cha 1981, siku hizi ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na kwa miaka kadhaa nimekuwa msaidizi kwenye vikundi vya watoto waliopitia magumu, chini ya mtu aliyesomea. Mambo niliyofundishwa kwa kukaripiwa ni haya.

Kwanza, BintiMakorora, ondoa hiyo picha. Samahani kuanza na lawama. Mchoro wa mtoto kwenye kikundi cha namna ile ni kama maneno aliyokunong'oneza. Hautundikwi ukutani bila ruhusa yake, sembuse mtandaoni. Sisi kila mtoto alikuwa na bahasha yake ya kaki, jina juu, inafungwa kabatini, na akitaka kuchana mchoro wake anachana.

Pili, usimuulize "hiki ni nini?" Anasikia umeshindwa kukitambua, anaona kachora vibaya. Wala usimwambie "ooh, ni baba amezama, ee?" Hapo umemtia maneno mdomoni, na atakubali kwa kuwa weye ni mkubwa. Sema tu, "nisimulie picha yako." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi nilichukua mwaka kujifunza.

Tatu, kinachofanya kazi si rangi. Ni mahali palepale, siku ileile, saa ileile, mtu mzima yuleyule asiye na haraka. Mtoto ambaye baba yake aliondoka siku moja kama kawaida hakurudi, anahitaji kitu kinachorudi kila Jumamosi.

#13 Msimamizi
Picha imeondolewa kwa ombi la mleta uzi. Waliohifadhi wafute.

#14 BintiMakorora
Nimekusoma #12. Sikufikiria. Ahsante, na aibu imenishika.

#15 NahodhaMstaafu
Picha niliiona kabla haijaondolewa, niliikuza kwenye simu ya mjukuu. Sijui mambo ya tiba. Vyombo navijua, nimeanza baharini na miaka kumi na nne.

Kwanza ule si mtumbwi. Mtumbwi ni gogo moja, la mwembe mara nyingi, umechongwa. Hauna mistari. Mtoto kachora mistari minne inakwenda toka tezi hadi omo, na vidoto vimefuatana kwenye mistari. Hizo ni mbao na misumari. Lile ni dau. Dau dogo, na mtoto kalihesabu mbao.

Pili, nyote mmesema limepinduka. Nani kawaambia? Dau dogo linafudikizwa mchangani kila baada ya miezi, tumbo juu, juu ya magogo. Linakwanguliwa magamba, linapigwa kalafati, yaani kuzibwa maungio ya mbao, linapakwa. Chombo kikubwa kama mashua kinalazwa ubavu tu, hiki kidogo watu wanne wanakigeuza. Chini ya lile dau kulikuwa na vitu viwili kama mito ya kulalia. Ni magogo yale. Bahari ina magogo ya kuegemezea chombo?

Tatu, weusi. Wengine wanapaka lami chini. Wengine sifa, yale mafuta ya papa, mbao inakuwa nyeusi na harufu yake unaijua.

Mtoto kachora chombo kinatengenezwa. Mmemzamishia baba yake mara ya pili.

#16 ChapaIlale
😳

#17 MamaWawili
Nimesoma #15 nikiwa kwenye daladala, nimepitishwa kituo.

#18 Msomi_Baridi
Nahodha, heshima kwako, nimejifunza. Ila hata hivyo haiondoi huzuni. Anachora chombo cha marehemu kila wiki kwa wiki saba. Kutengenezwa au kuzama, bado ni kumbukumbu ileile inazunguka.

#19 NahodhaMstaafu
Sikusema hana huzuni. Nimesema mtazame vizuri kabla ya kutafsiri.

#20 MwalimuWaZamu
Nafundisha msingi, si shule ya huyo mtoto. Tuliosoma enzi za Haiba na Michezo tunajua kile kipindi kilikuwa cha kumalizia hesabu. Kwa hiyo mwalimu anayetoa Jumamosi yake bila posho mimi namvulia kofia.

Nina kesi mbili, na zinapingana.

Mvulana wa darasa la tatu, wazazi walitengana kwa vurugu. Alikuwa anachora kwenye dawati kwa ncha ya bikari, mwenzangu akamchapa kwa kuharibu mali ya shule. Mimi nikampa daftari. Alichora magari tu, mabasi ya kwenda Arusha, na namba za usajili, hakuna kilio wala nini. Mwezi wa pili akaacha kupigana. Hakuwahi kuchora nyumbani kwao hata mara moja. Kilichomsaidia ni nini hapo, kutoa ya moyoni? Hakutoa chochote!

Msichana, naye darasa la tatu, alichora jambo lenyewe lililompata. Kila akichora alitetemeka. Tukamwacha aendelee kwa sababu semina ilisema "mwache atoe". Alizidi kuwa mbaya, hadi mtu wa ustawi wa jamii akasema simamisheni kwanza. Kwa hiyo mume wa BintiMakorora si mjinga. Kutonesha kupo.

#21 Msomi_Baridi
#20 umegusa penyewe. Wapo watafiti wa Marekani, Drake na Winner, 2013, waliofanya na watoto wa miaka 6 hadi 12. Waliwaomba wakumbuke jambo lililowaudhi. Kisha baadhi wakachora jambo lenyewe, wengine wakachora kitu kisichohusika kabisa. Waliochora kisichohusika ndio hali ya moyo ilipanda zaidi. Yaani kuchora kuliwasaidia kwa kuwaondoa kwenye fikra, kuliko kwa kuzimwaga.

#22 KijanaWaDunda
Sawa, lakini hao walikaa dakika chache wakachora mara moja kuhusu kuudhiwa. Kufiwa na baba si kunyang'anywa mpira. Mtu aliyenifundisha alikuwa anasema kipimo ni mwili wa mtoto wakati anachora. Anapumuaje? Anauma kalamu? Akimaliza anakwenda kucheza, au anabaki amekaa? Akichora kitu kilekile lakini kila mara kinabadilika kidogo, mwache. Kikiwa kilekile kama muhuri na mtoto ameganda, mwombe achore kitu kingine au mpe udongo.

BintiMakorora, hizo dau saba zinafanana?

#23 BintiMakorora
Nitaziangalia kwa mwalimu kesho Ijumaa. Sijawahi kuzipanga pamoja.

#24 MamaWawili
Na mimi nitoe langu. Wa kwangu wa kiume, miaka 9, tulipounguliwa na nyumba. Niliambiwa kuchora kunasaidia, nikanunua krayoni, rangi za maji, kila kitu. Alichora mstari mmoja, akachana, akasema "mimi si mtoto mdogo." Nikabembeleza, akachana tena. Kilichomtoa ni mpira Mkwakwani na mjomba wake, akipiga kelele za Coastal Union mpaka sauti ikakauka. Vile vilio alivyozuia msibani kwetu alivitoa siku Coastal ilipofungwa.

#25 ChapaIlale
Ukiwa shabiki wa Coastal tiba haikosekani, kila wiki unalia.

#26 ShangaziKanga
Weye #25 ondoka hapa na African Sports yako.

#27 MzeeWaRaskazoni
Nimerudi. Nimesoma yote, na nahodha kanifunga mdomo kidogo.

Niseme jambo. Nilisema nilipewa ndoo. Ni kweli. Lakini jioni zote za eda ya mama nilikaa naye nyuma ya nyumba akisuka ukili. Alinipa miyaa ya kuchambua: nyeupe huku, ya rangi huku. Alikuwa anachovya mwenyewe, zambarau na kijani, kwenye sufuria la kuvunjika. Hatukuongea. Akifika mwisho wa fungu ananyoosha mkono, nampa jingine. Alishona mkeka mkubwa ule wa eda, na miye najua kila utepe ulisukwa siku gani. Upo mpaka leo, umetoboka. Sijawahi kuuita tiba.

#28 NesiWaZamu
Mzee wangu, ulikuwa kwenye kikundi cha Jumamosi na hukujua.

#29 MzeeWaRaskazoni
Hapana. Msinichukulie mkeka wa mama yangu mkauingiza kwenye semina. Nilikuwa nafanya kazi. Nilihitajiwa. Huyo mtoto kwenye karatasi anahitajiwa na nani?

#30 MwalimuWaZamu
Hilo swali zito, mzee.

#31 KijanaWaDunda
Wala si geni kwetu. Jandoni na unyagoni watu walifundishwa kwa vitu vya mikono. Kwa Wazaramo huku kwetu mwali alikuwa na mwana hiti wake, kisanamu cha mti, na huko kwenu Wazigua na Wasambaa walikuwa na vinyago vya udongo vya mafunzo. Somo gumu hulisemi usoni mwa mtoto, unaliweka kwenye kitu, mnakitazama wote wawili. Ndiyo maana naona ajabu mtu akisema ni mambo ya wazungu.

#32 Msomi_Baridi
Ukipenda, kuna habari moja ya wazungu wenyewe. Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji wa Vienna, Myahudi. Yeye na mumewe walifungwa Terezín, kambi ya Wanazi, mwishoni mwa 1942. Mizigo yake michache aliijaza vifaa vya kuchorea. Akafundisha watoto wafungwa humo kambini, kwa siri, na kila mtoto aliandika jina lake kwenye mchoro wake. Wengi hawakuchora kambi. Walichora maua, meza ya chakula, nyumba zao. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji, akauawa. Masanduku mawili yenye michoro kama 4,500 yalibaki yamefichwa, sasa yako jumba la makumbusho la Wayahudi, Prague. Mwanafunzi wake, Edith Kramer, alikimbilia New York akawa miongoni mwa walioanzisha tiba hii kwa watoto.

#33 ChapaIlale
Leo sina utani.

#34 MamaWawili
Lakini hao watoto wa #32 kuchora hakukuwaokoa.

#35 Msomi_Baridi
Hakukuwaokoa. Wengi waliuawa.

#36 NesiWaZamu
Kabla uzi haujafika mbali, jambo moja la dharura kwa walezi wanaosoma kimya. Mtoto akichora au akisema jambo linaloonyesha kuna mtu anamdhuru, usimhoji kama polisi, usimwambie arudie rudie mbele ya ndugu. Mwambie umemsikia na hajakosa. Piga 116, simu ya mtoto, ni bure, au nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Mchoro peke yake si ushahidi wala si kipimo. Nimeona baba mtu kashukiwa kwa sababu mtoto kamchorea mikono mirefu. Watoto wa umri ule wanachora mikono mirefu!

#37 BintiMakorora
Nimerudi na mrejesho, nimekaa na mwalimu leo tukazipanga kwenye sakafu.

Hazifanani. Ya kwanza ni dau tu, limejaza karatasi, kalikoleza mpaka karatasi imetoboka. Ya tatu ina magogo yale ya nahodha. Ya tano kuna mkungu pembeni. Ya sita kuna mtu, mdogo, amechuchumaa, ana kitu mkononi. Ya saba watu wawili na kikopo.

La pili, rangi. Mwalimu kacheka. Pakiti ya krayoni ni moja kwa watoto kumi na wawili. Wasichana wanawahi nyekundu na pinki, wakorofi wanachukua buluu na kijani. Huyu wangu hagombani, anachukua kinachobaki. Kinachobaki ni nyeusi.

#38 ChapaIlale
Huzuni kubwa ya #4 imekuwa uhaba wa krayoni! Mtaalamu jitokeze.

#39 Msomi_Baridi
Nimekubali, nipigeni. Lakini nyumbani kachora kwa mkaa…

#40 BintiMakorora
Nyumbani kuna mkaa tu, mkuu. Nauza vitumbua.

#41 KijanaWaDunda
Hahaha. Mkaa ni mzuri kuliko krayoni. Na ukikosa rangi kumbuka Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hardboard, leo staili ina jina lake dunia nzima. Tanga mji wa baiskeli, rangi hazikosekani!

#42 NesiWaZamu
Usimpe mtoto rangi ya baiskeli. Ile harufu si ya mapafu ya miaka 7. Mkaa, udongo, majivu, manjano ya jikoni, vyote sawa.

#43 BintiMakorora
Sasa mnisaidie kwa hili, ndilo limenileta tena usiku huu.

Nilifuata #12. Leo baada ya magharibi nimekaa naye barazani, nikampa mkaa na boksi la sukari nililolipasua. Kachora. Dau lilelile. Nikamwambia, "Nisimulie picha yako." Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka mbu wamenimaliza.

Kasema: "Huyu ni mimi. Nashika kikopo cha mafuta." Nikanyamaza. "Dau linavuja, linatiwa kalafati." Neno hilo kalitamka mwenyewe, nahodha, miye sijawahi kulitaja nyumbani. Nikashindwa, nikauliza, "Na baba?" Hakunyanyua kichwa. Kasema, "Kaenda dukani kuchukua pamba."

Halafu kaendelea kuchora misumari.

#44 ShangaziKanga
Lahaula. Si nilisema? Mtoto hajaagana. Anamngoja. Mtoto anadhani baba atarudi na pamba. Mwambieni ukweli, mwanangu, kwa maneno mepesi, baba amefariki, harudi. Mumpeleke ufukweni mkamuombee dua huko.

#45 MwalimuWaZamu
Mimi sioni hivyo. Huenda ni kumbukumbu ya siku fulani kweli. Baba alikwenda dukani kweli kuchukua pamba, mtoto akaachiwa kikopo alinde. Siku nzuri. Anairudia kwa sababu ni nzuri.

#46 Msomi_Baridi
Au vyote viwili. Watoto wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7 kwamba kifo hakina kurudi.

#47 NahodhaMstaafu
Pamba ya kalafati hainunuliwi mbali. Inasokotwa, inachovywa mafuta, inasindiliwa kwenye maungio ya mbao kwa chembeu na nyundo. Mtoto kazi yake ni hiyohiyo: kushika kikopo. Nami nilianza na kikopo. Usipokishika sawasawa mafuta yanamwagika, unapigwa kelele. Ni kazi ya mtu anayeaminiwa. Mzee wa #29 aliuliza huyo mtoto anahitajiwa na nani. Jibu kalichora.

#48 MzeeWaRaskazoni
Nimeona.

#49 MumeWaMtu_Chumbageni
Mimi bado niko upande wa mume. Wiki saba mnamchimba mtoto. Angekuwa wangu ningempeleka kwa mama yake Dar akalale naye kitanda kimoja, mchezo ungeisha. Hakuna hata mmoja hapa aliyemuuliza mama yake yuko wapi kwenye picha.

#50 BintiMakorora
#49 hilo limenichoma, na ni haki yako kulisema. Mama yake nimempigia. Anakuja Idd.

Hitima ya watoto hatukuifanya, nitazungumza na mama mkwe na ustadhi wa mtaani. Mkojo ninampeleka kupima Jumatatu hata kama umekoma. Kikundi anaendelea. Mume kakubali kwa shingo upande.

#51 NahodhaMstaafu
Binti, mimi nina dau langu hapa upande wa Deep Sea, nimelifudikiza tangu juzi, linavuja kushoto. Jumamosi maji yanakupwa asubuhi. Kama mwalimu ataruhusu achelewe kidogo, mlete. Weye uje naye, ukae. Mafuta yapo. Sina mtu wa kushika kikopo.

#52 KijanaWaDunda
Nahodha, ushauri mdogo: usimuulize habari za baba.

#53 NahodhaMstaafu
Kwani kwenye kalafati kuna nafasi ya maneno? Nyundo inapiga.

#54 UstadhiMpole
Allah awajaalie kheri. Pamba ipo, nahodha?

#55 NahodhaMstaafu
Imekwisha. Itabidi tuifuate dukani.

#56 BintiMakorora
Tutakuja. Nikimwambia leo hatalala, nitamwambia Jumamosi hiyohiyo asubuhi.

#57 MamaWawili
Samahani kwa kuharibu uzi. Yule mwalimu wa kikundi anapokea michango? Nina pakiti mbili za krayoni za yule wangu aliyechana karatasi, hazijaguswa. Buluu zipo zote.

#58 BintiMakorora
Anapokea. Nimekutumia namba kwa ujumbe wa faragha. Na kalenda kuukuu pia, kama unazo.